Nyapara wa Ziwani

Katika kununua na kuuza samaki nimepunjwa na watu wengi, na wengine nimewapunja mimi, tukaachana ngoma droo. Mtu mmoja tu sikuwahi kumpata bei. Bidhaa yake ilikuwa siku: siku ya kufungua ziwa. Aliyeijua mapema angefika na matenga yake wakati wachuuzi wa Korogwe bado wanajaza upepo kwenye magurudumu. Nilimbembeleza, nikamletea tumbaku, nikamletea sukari nyakati ambazo sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, nikamtania, nikamnunia. Tumbaku aliivuta, sukari aliinywa, siku hakunitajia. Tulimwita Nyapara.

Miaka ile jina hilo halikuwa la kumpa mtu unayempenda. Uhuru ulikuwa umekuja, na redio haikupitisha wiki bila kuusema unyapara pamoja na ubwana na unyonyaji, kama ndugu watatu wa tumbo moja. Naye alikuwa nyapara wa kweli, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, wa kusimama mwisho wa mstari akihesabu mafungu. Alipoacha kazi, au alipoachishwa, maana yote mawili niliyasikia kutoka mdomo wake mwenyewe, alishuka huku bondeni na sanduku la bati, koti la kaki na sauti. Kazi ilikwisha, sauti ikabaki.

Alikozaliwa sikumuuliza. Alikuwa mtu wa bara, kule Unyamwezini, na hilo lilijulikana kwa sababu moja tu: lilimfanya mtani wa Wazigua, wenyeji wa bonde hili. Kwa asiyejua, mtani wako unaweza kumtukana mbele ya wakwe zake na asikushtaki popote. Unaweza kumvua kofia msibani, ukaikalia mpaka atoe kuku. Yeye naye akikuwahi, kofia ni yako na kuku ni wako. Asiye mtani akijaribu hayo atalala polisi.

Ziwa lenyewe usilitafute kwenye ramani. Liko bondeni, ukitoka Mnyuzi ukiiacha reli mgongoni na kushika njia ya kwenda upande wa Handeni. Masika mto ukifurika humwaga maji humo, bonde lote likawa ziwa. Kiangazi maji hunywea, hujikunja katikati, mpaka mtu mrefu anavuka bila kulowa kwapa. Tangu zamani lilikuwa na mtu wa kulisemea. Akisema ingieni, watu wanaingia. Kabla hajasema, hata aliyetupa ndoana ya kitoweo cha jioni alijificha kwenye matete kama mwizi. Aliyekuwa akisema alipofariki, wazee walikaa vikao wasipatane, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na shemeji mwenye nyavu. Mwishowe mmoja wao akachoka.

"Tumpe huyu mtani," akasema. "Hana shemeji hapa. Na akikosea tutamtukana bure, hakuna kesi."

Wakacheka, wakapitisha. Nimeona watu wakipewa madaraka kwa elimu, kwa ukoo, kwa kusimama karibu na mlango. Huyu alipewa kwa kukosa shemeji.

Mwaka aliugawa kama alivyozoea kuwagawa vibarua, kila kundi na kazi yake. Kipupwe hakutaka kusikia habari ya nyavu. "Samaki wa Julai," alisema, "ni kibarua wa Jumatatu. Yupo, jina anaitika, kazi hafanyi." Maji yakipoa perege hushuka kwenye kina na kutulia, wavu unatoka na majani. Aliruhusu ndoana peke yake, tena jua likiwa la utosi, kwa kuwa hapo maji ya juu yanapata joto na samaki hupanda kuota. Mtu aliyekwenda alfajiri ya kipupwe kwa kudhani bidii ni kuamka mapema, Nyapara alimwacha atetemeke mpaka saa tano, ndipo akamwambia kwamba samaki ndio kwanza wanajinyoosha.

Agosti ikielekea ukingoni, wingu likiacha kulala asubuhi kwenye milima ya Lutindi, alianza kuzunguka. Kila siku alfajiri alizunguka ziwa, mikono nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Maji yakijivuta, samaki husogezwa pamoja kama abiria wa daraja la tatu, na wakati huo perege amenenepa, ameshakula kila kilichomea masika. Hapo, siku anayoijua mwenyewe, na ambayo haikuwa lazima iwe Septemba wala Oktoba, alifungua. Alipendelea mwezi wa giza, akisema penye mbalamwezi samaki anausoma wavu. Kwanza waliingia wenye nyavu. Wakishatosheka waliingia wanawake na vile vikapu vya fito visivyo na kitako: unakita topeni, unaingiza mkono kwa juu, unamwomba Mungu uliyemshika awe samaki.

Radi ya kwanza ya vuli ikilia, alifunga. Ugomvi ulianzia hapo kila mwaka, kwa sababu hapo ndipo samaki anapopatikana bila jasho. Kambare huliacha ziwa mwenyewe, tumbo limejaa mayai, akajiburuta kwenye nyasi zilizoloa kutafuta maji mapya ya kutagia. Mtu anaokota kama viazi. Nilimwambia wazi, mzee, hii ni hasara, riziki inatembea yenyewe kuja kwangu, wewe unaizuia.

"Kumshika kambare wa vuli ni rahisi," akanijibu. "Hata kumwibia mama mjamzito ni rahisi."

Januari na Februari alifungua mlango nusu, ndoana tena, na perege jike aliyekataa chambo hakusumbuliwa, maana huyo amebeba watoto mdomoni. Masika hakuna aliyeuliza. Maji yalikuwa kila mahali na samaki kila mahali, yaani hakuna mahali.

Usinielewe kwamba hakukosea. Mwaka mmoja alifungua, na usiku uleule ukavuma upepo uliolikoroga ziwa kama uji. Watu wakavua majani, tope na chura mmoja mkubwa. Hapo ndipo nikutajie Mama Hadija, kwa sababu aliyemchukua chura yule ni yeye.

Mama Hadija alikuwa mkaushaji. Chanja zake zilikuwa pale watu wanapoteremshia samaki, na hakuna samaki aliyesafiri mbali bila kupita kwenye moshi wake, wangu wakiwamo. Mzigua wa hapohapo, mfupi, macho mekundu kwa moshi, na ulimi ambao serikali ingeuweka kwenye ghala la silaha kama ungejulikana. Yule chura alimpasua, akamkausha kwa siku mbili kwa uangalifu wote, akamfunga kwenye jani la mgomba, akampelekea Nyapara mbele ya umati.

"Posho yako ya wiki, mtani. Nimekuwekea na minofu."

Nyapara aliipokea kwa mikono miwili, akamtia chura kwenye mfuko wa koti, akatembea naye wiki nzima. Kila aliyekutana naye alimtoa na kumwonyesha: "Mshahara wangu huu. Wengine wanakatwa kodi, mimi nimekatwa miguu."

Ndivyo walivyoishi. Asubuhi kwa asubuhi.

"Sikuamkii, mtani hana umri."

"Marahaba hata hivyo."

"Samaki wanauliza mshahara lini."

"Waambie wamalize mstari kwanza."

Umri alikuwa nao, wa kumzaa Mama Hadija na labda na mdogo wake. Lakini shikamoo haikupita kati yao hata mara moja, na wote wawili waliitunza hiyo kama watu wengine wanavyotunza undugu.

Nyapara alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Alihubiri kazi mpaka masikio yakachubuka, nami sikumwona ameshika jembe. Aliamsha watu kwa kugonga kipande cha reli alichokitundika mtini, kama kule kwenye mkonge, kisha yeye akarudi kulala. Aliwafokea wavulana na wazee kwa sauti moja, na hapohapo ukimtazama vizuri utaona perege wake wa haki, yule mkubwa aliyejikatia kila siku ya kufungua, ameishia kwenye sufuria ya mjane fulani mwenye njaa, kila mara mwingine, bila neno. Kuogelea hakujua. Maji aliyaamrisha akiwa nchi kavu, suruali imepigwa pasi.

Jambo moja lilitufanya tuelewane, mimi naye. Mimi samaki huwahesabu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza ni ya muuzaji. Yeye alihesabu watu mara mbili. Siku ya kufungua aliwahesabu wanaoingia na jioni akawahesabu wanaotoka, midomo ikimchezacheza. Mara moja alikosa mtu mmoja. Alisimamisha kila kitu, mizani, moshi, biashara, akaapa kwamba samaki hata mmoja hatatoka ziwani mpaka mtu huyo apatikane. Tulimtafuta mpaka jua likazama, tukamkuta amelala kwenye matete, amelewa. Nyapara alimtazama, akasema "Umetimia," akaenda zake. Miaka yake yote pale, ziwa halikula mtu.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sisi tuliokuwa tumetawanyika bondeni tuliletwa kwenye barabara, nyumba zikapangwa mistari, na Nyapara mwanzoni alifurahi kama harusi. Mistari! Alipita akiwakosoa watu nguzo. Kiwanja alichopewa kilikuwa cha mwisho kabisa, pembeni ya mgunga mmoja mkubwa, na kutoka hapo mpaka ziwani ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye magoti mazima.

Magoti yake hayakuwa mazima. Sisi tulilijua hilo kwa kumwona akishuka kibarazani kwake kwa upande, kama kaa. Yeye hakulisema. Nyapara hasemi magoti yanauma. Basi akawa anakwenda ziwani kila baada ya siku mbili, halafu Ijumaa kwa Ijumaa, halafu akakaa kibarazani akautazama ule mgunga. Mti huo, alisema, unachanua siku zilezile ziwa linapoiva. Alikuwa ameyaona hayo miaka mingi na ilikuwa kweli, kwa miaka ya mvua.

Mwaka ule masika hayakuja. Yalinyunyiza, yakaaga. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na kufika Agosti tulikuwa tunapanga foleni kwa unga wa njano wa msaada, ambao ugali wake ukiuacha ukapoa unaweza kuujengea. Ziwa ndilo lilikuwa ghala letu lililobaki. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alijua nani ana ufunguo. Akisema kwa wakati, kijiji kinafika vuli na kitoweo, na cha kuuza ili kupata mbegu. Akikosea, basi.

Nilikuwa kibarazani kwake nimeleta tumbaku, Mama Hadija alipofika anahema.

"Mtani, maji yananuka tope."

"Mgunga haujachanua."

"Kwani mgunga unakunywa maji ya ziwa?"

"Haujawahi kunidanganya."

"Utakudanganyaje, mdomo hauna. Mdomo ninao mimi, nakwambia maji yamekimbia. Beba hiyo miguu ya korongo twende ukaone."

"Nitakwenda Ijumaa."

"Ijumaa! Ijumaa utakwenda kuwaswalia!"

Hapo ilikuwa zamu yake ya kurudisha tusi. Tulimsubiri. Badala yake aliweka kiko chini na kusema bila kucheka, kwa sauti ileile ya mkonge: "Nyapara ni nani hapa?"

Mama Hadija alimtazama. Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Kwa utani wao, hiyo ilikuwa sawa na kumrudishia mtu kuku wake.

Zilipita siku chache za joto la kupasua mawe. Ijumaa Nyapara aliswali, akajikongoja mpaka ziwani, nami nyuma yake nikisukuma baiskeli. Harufu ilitupokea kabla ya maji. Ziwa lilikuwa limebaki dimbwi katikati ya uwanja wa tope, na juu ya dimbwi perege walikuwa wameelea matumbo juu, weupe, wengi kiasi kwamba mtu angedhani ni maua. Korongo walisimama humo wameshiba hata kuruka hawawezi.

Na pembeni, kwenye ukingo mkavu, kijiji kizima kilikuwa kimesimama. Nyavu mabegani, vikapu mikononi. Walikuwapo tangu jana yake. Hakuna hata mmoja aliyeingia, maana Nyapara alikuwa hajasema. Nadhani kama angewakuta wamemwasi, wamejivulia, angetukana na kupona. Lakini walikuwa wamemtii.

Alisimama kidogo. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalilaza kwenye nyasi, akaingia topeni na suruali yake ya pasi mpaka mapajani.

"Wanaopumua!" akapiga kelele. "Wanaopumua kwanza! Waliokufa leo wapelekeni motoni kwa Mama Hadija, wa jana waacheni ndege. Kambare wakubwa hai wekeni kwenye magunia yaliyoloa, mpeleke mtoni kwenye kina! Kambare akiwa na ngozi mbichi anafika! Haya, mstari!"

Tukapanga mstari. Tulikuwa na njaa, na mikononi tulikuwa na nyama inayojipinda, tukaibeba kwenda kuitupa mtoni ili mwakani iwepo. Jaribu siku moja, uone. Wanawake walibeba magunia vichwani, maji ya tope yakiwachuruzika usoni, na mimi kwenye baiskeli nilifunga mawili kila safari. Kwa mazoea nilianza kuwahesabu mara mbili, kisha nikaacha. Hapakuwa na mnunuzi.

Kutwa nzima watu walitega sikio wakimsubiri Mama Hadija. Kosa kama lile kwa mtani ni chakula cha mwaka mzima. Watani huchekesha hata wenye maiti ndani. Tulilihitaji tusi lile, na aliyelihitaji kuliko wote alikuwa mle topeni. Mama Hadija alijaza magunia, akayafunga, akayatwika watu, akampita Nyapara kama mtu anavyoupita mti.

Mwishowe mwenyewe alijaribu. "Mtani," akasema, tope mpaka kwenye nyusi, "leo kimya. Jino linakuuma?"

"Pokea gunia, baba," akamjibu.

Baba. Kwa adabu yote, macho yameinama. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona akilipokea neno lile kama mtu aliyezabwa kofi. Kesho yake asubuhi, mbele ya watu, Mama Hadija alimpigia goti: "Shikamoo." Na yeye, ambaye sauti yake ilikuwa inasikika ng'ambo ya bonde, akaitika "marahaba" ambayo hata aliyemwamkia sidhani aliisikia.

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Hakugomba. Alisema tu kwamba kuanzia sasa ziwa litasimamiwa na kamati, na akamtazama Nyapara kuona kama ana neno. Kabla ya vuli Nyapara alihamia Mnyuzi kwa binti yake, na kile kipande cha reli kikabaki kimening'inia, watoto wakikigonga kwa mawe.

Masika yaliyofuata mto ulifurika vizuri na kambare wakarudi ziwani. Kama ni wale wetu au ni wengine, hakuna aliyewatia alama, lakini tuliwala kwa jina la wale wetu. Kamati nayo ilikuwa ya watu wazuri, kila mmoja na shemeji yake. Ilifungua ziwa Saba Saba kwa sababu wageni wanakuja, tukawapa wageni majani. Ilifungua vuli kwa sababu ni rahisi. Ilifungua tena kwa sababu ilifungua juzi na mashemeji wa upande wa pili hawakuwapo. Baada ya miaka michache perege walikuwa kama vidole. Nilisukuma baiskeli siku mbili mpaka Mazingara, nikafungua tenga, mteja wangu wa miaka yote akachungulia.

"Hawa ni samaki," akaniuliza, "au ni picha zao?"

Nilimpunguzia bila kuombwa. Hiyo nayo sikuwahi kuifanya.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa Mnyuzi, enzi za foleni za sabuni, Agosti inaisha. Nilikuwa napita na mzigo wa kwenda Handeni nikaingia kwake kumjulia hali. Alikuwa uani, juu ya mkeka, amevaa msuli na lile koti, anapukuchua mahindi, magoti yamevimba kama vitunguu. Tulizungumza bei za kila kitu isipokuwa samaki. Nilikuwa najiandaa kuaga tuliposikia hodi, na akaingia Mama Hadija, vumbi mpaka kwenye kope, kifurushi kichwani.

Nyapara alijaribu kuinuka. "Karibu, mama," akasema. Kwa adabu.

Mama Hadija hakukaa kwenye kigoda alicholetewa. Alitua kifurushi. Akamtazama mwenzake kuanzia kofia mpaka miguuni, akarudi juu, akashuka tena.

"Mungu wangu," akasema. "Nimetembea kutwa namfuata nyapara, kumbe nimekuja kukuta gunia la katani limevaa msuli."

Binti wa Nyapara alishika mdomo. Yule mzee aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, nami kwa muda sikujua ni kilio au nini. Aliponyanyua uso ulikuwa umeloa, na meno yote aliyobakiwa nayo yako nje.

"Umechelewa, mtani."

"Nilikuwa natafuta tusi linalokutosha. Miaka minne, nimekosa saizi."

Akakaa sasa, akanywa maji, akasema shida yake. Ziwa linakufa. Kamati imetosheka kugombana. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemtuma. Watu wamekwisha kutengeneza nyavu, wanataka kuingia kesho, na wamekubaliana kwamba safari hii asemaye awe yeye. "Sema basi, niwahi kurudi."

"Nisemee hapa?"

"Kwani ulimi nao umevimba?"

"Nilishasema kutoka kibarazani," akajibu taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akiigusa habari ile. "Sisemi tena bila kuyakanyaga maji."

"Twende."

"Magoti, mtani." Akayapapasa. "Hayawezi."

Alilisema. Mama Hadija aliliacha lipite, kama mtu anayefungua njia kwa mgonjwa. Kisha akageuka kunitazama mimi, na Nyapara akageuka kunitazama, na binti pia. Nikaeleza kwamba nina mzigo wa Handeni, mteja ananisubiri, tairi la nyuma limechoka, labda tuzungumze.

"Shusha," akasema Mama Hadija.

Nilishusha. Tuliondoka kabla ya jua, Nyapara juu ya keria, miguu ikining'inia pande mbili, akiikosoa njia, kanyagio langu na jinsi reli ilivyotandikwa. Mama Hadija alitembea kando akimwambia kwamba perege wa kweli huwa anakaa kimya akibebwa. Nilisukuma zaidi ya nilivyoendesha.

Tulipofika kijiji kilikuwa ukingoni. Nyavu, vikapu, Mwenyekiti amekunja suruali, vijana wameshavua mashati. Walituona, kelele zikapungua, zikaisha. Tukamteremsha. Aliweka mkono kwenye bega la Mama Hadija na wakaingia majini pamoja, hatua kwa hatua, mpaka maji yakamfika yeye mapajani na Mama Hadija kiunoni. Aliinama akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Akalichezea tope kwa vidole vya miguu. Akachota maji kiganjani, akanusa, akamnusisha Mama Hadija, wakanong'onezana, wakabishana, kama wakwe kwenye mahari. Perege mmoja aliruka mbali kidogo, akatua, viwimbi vikatufikia. Kijana mmoja tayari alikuwa ameinua mguu aingie. Nyapara aligeuka kutukabili sote.

"Bado," akasema.

Alisema kwa sauti ile ya zamani, ikavuka bonde na kurudi. Yule kijana alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama Mama Hadija, naye alikuwa anatazama maji. Kisha Mwenyekiti akakunjua suruali, mguu mmoja, mguu wa pili, akatupa wavu wake begani na kushika njia ya kurudi. Wakamfuata mmoja mmoja, halafu wote, vikapu vitupu vikigongana, wakinung'unika, wakimtukana Nyapara kwa matusi yote ambayo utani unaruhusu na mengine ambayo hauruhusu. Nilisimama na baiskeli yangu nikawahesabu wakipanda mlima. Nikawahesabu tena. Walikuwa wametimia, na hapakuwa na aliyelowa isipokuwa wale wawili.